SMA aina ya 2 na ya 3: nini kinatangulia kupotea, na tupime nini mapema?

KineKadutu (Bukavu) anauliza:

Habari zenu wakubwa. Nafuatilia wagonjwa wawili wa SMA (ugonjwa wa kurithi wa neva za uti wa mgongo unaodhoofisha misuli), wote wamethibitishwa kwa kipimo cha jeni: ekzoni (kipande) ya 7 ya jeni SMN1 haipo kabisa, na jeni ya akiba SMN2 ina nakala 3 kwa mmoja na 4 kwa mwingine. Wa kwanza ni msichana wa miaka 8, aina ya 2. Ukimkalisha anakaa mwenyewe, hajawahi kutembea, ana kilo 17, na radio (eksirei) aliyopigwa akiwa amekaa inaonyesha mgongo umepinda nyuzi 28. Wa pili ni kijana wa miaka 16, aina ya 3, dalili zilianza akiwa na miaka 2 na nusu. Anatembea, ila ngazi za mtaani hapandi tena bila kushika ukuta, na akianguka hainuki peke yake.

Wazazi wanataka kujua miaka kumi ijayo itakuwaje. Sitaki kuwajibu "Mungu ndiye anajua", na sitaki kuwapa hukumu. Nini kinatangulia kupotea? Korse (vazi gumu la kushikilia mgongo) ianze lini kwa msichana? Pumzi tuiangalieje wakati hatuna maabara ya usingizi? Na kwa kuwa pesa ni kidogo, kipi kinunuliwe kwanza?

KineHimbi (Goma):

Kine (yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo), anza kuwaambia wazazi kwamba akili haiguswi, hisia za ngozi haziguswi, na udhaifu hauendi kwa kasi moja maisha yote. Nguvu nyingi hupotea pale ugonjwa unapojitokeza. Kisha kinakuja kipindi kirefu ambacho mtoto anaonekana yuko palepale, na hapo ndipo familia na hata sisi waganga tunaacha kufuatilia. Kwa aina ya 2, kushuka kunaonekana tena waziwazi kuanzia kama miaka 5 hadi mwisho wa kubalehe. Mifupa inarefuka, uzito unaongezeka, viungo vinakaza, na misuli ya kubeba hayo yote haiongezeki. Baada ya hapo kasi inapungua lakini haikomi. Mtu wa miaka 25 bado anapoteza kidogo kidogo, hasa mikononi.

Miguu hutangulia mikono, na misuli iliyo karibu na kiwiliwili hutangulia ya mbali. Kwa msichana wako tazama kwanza kuinua mikono juu ya kichwa, halafu kujigeuza kitandani, halafu kukaa bila kujiegemeza kwa mikono, halafu kupeleka kijiko mdomoni. Vidole hubaki muda mrefu sana, kwa hiyo shule asiachishwe hata siku moja kwa sababu ya ugonjwa huu: kalamu na simu atavitumia akiwa mtu mzima.

Kijana yuko kwenye kundi linaloitwa 3a, yaani dalili kabla ya miaka 3. Takwimu za Ujerumani na Poland za miaka ya 1990, kabla ya dawa, zilionyesha kwamba kwenye kundi hilo karibu 7 kati ya 10 walikuwa bado wanatembea miaka 10 baada ya dalili kuanza, na karibu 2 kati ya 10 baada ya miaka 40. Kwa walioanza dalili baada ya miaka 3 (3b) ilikuwa karibu wote kwa miaka 10, na 6 kati ya 10 kwa miaka 40. Mpangilio wa kupotea ni kukimbia, kisha ngazi, kisha kuinuka chini, kisha kutembea. Yeye ameshafika kwenye hatua ya tatu. Kiti cha magurudumu kitafutwe sasa kwa safari ndefu, wakati bado anatembea ndani ya nyumba. Ukingoja aache kutembea kabisa, kitamkuta ameshaanguka na kuvunja paja.

Na paja likivunjika, usikubali alale na plasta wiki sita. Kwa SMA wiki chache za kulala zinatosha kumaliza kutembea moja kwa moja. Ongea na daktari wa mifupa tangu siku ya kwanza: kama inawezekana afungwe kwa njia itakayomruhusu kusimama mapema, na mguu mzima uendelee na mazoezi.

Vipimo: tumia skeli ya Hammersmith iliyopanuliwa, inayopima uwezo wa kujimudu kimwendo (vipengele 33, alama 66) kila miezi 6, na ile ya mikono ya RULM yenye alama 37. Pima saa ileile ya siku, kwenye mkeka uleule, bila korse, na umrekodi kwa simu. Tofauti ya alama 1 au 2 inaweza kuwa uchovu tu. Ikifika 3 ichukulie kwa uzito. Kwa kijana ongeza mwendo wa dakika 6, na uandike mita za dakika ya kwanza na za dakika ya sita kila moja peke yake, maana uchovu wa SMA unaonekana hapo. Goniometa (kipimo cha nyuzi za viungo) isikose: nyonga, goti, kifundo, kiwiko. Goti lililokaza nyuzi 20 kwa mtoto anayesimamishwa tayari linamharibia kusimama.

Kunyoosha viungo kufanyike angalau siku 5 kwa wiki. Shikilia sekunde 30, rudia mara 3 hadi 5 kila kiungo, polepole, bila kulazimisha, maana mifupa yao ni mepesi. Kulala kifudifudi dakika 20 kunasaidia nyonga kuliko mikono yako. Atele (vishikizo vigumu) za miguu avae usiku, au angalau saa moja kwa mkupuo. Kusimamishwa kwenye fremu kufike hadi dakika 60, siku 3 hadi 5 kwa wiki. Anza na dakika 10.

Kuhusu pesa, kwa msichana ningenunua kiti kabla ya kitu kingine chochote. Viti vingi vya msaada vina kitambaa kinacholegea katikati. Mtoto anazama, mapaja yanabanana, nyonga inainama upande mmoja na mgongo unaifuata. Fundi seremala anaweza kurekebisha: ubao wa plaiwudi wa mm 12 juu ya kitambaa, muse (sponji) ngumu ya sm 5 juu yake. Upana uwe upana wa nyonga ukiongeza sm 2. Kina cha kiti kipimwe kutoka matakoni hadi nyuma ya goti, utoe sm 3. Miguu ikanyage, isining'inie. Pembeni weka vishikizo vitatu: kimoja chini kidogo ya kilele cha upande uliotokeza, na viwili upande wa pili, cha juu chini ya kwapa na cha chini kwenye nyonga. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko. Pima upya kila miezi 6, mtoto anakua.

InfirmierIbanda (Bukavu):

Nakubaliana na kiti. Kwenye korse nina tahadhari. Wengi wanaifunga wakiamini itanyoosha mgongo. Kwa SMA haizuii mpindo kuendelea; inamsaidia akae vizuri, atumie mikono, na pengine kuchelewesha kidogo. Ikibana tumbo inaleta hasara, kwa sababu watoto hawa wanapumua kwa kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu), misuli ya mbavu ni dhaifu. Nimeona korse ngumu zisizo na tundu la tumbo, mtoto anapumua haraka na anakataa kula.

KineHimbi (Goma):

Ni kweli, ila nisingeacha kuivalisha. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 unaitaja korse mpindo ukizidi nyuzi 20 kwa mtoto ambaye bado ana miaka mingi ya kukua, na huyu ana nyuzi 28 akiwa na miaka 8. Avae akiwa amekaa tu, avue akilala, na dirisha la tumbo likatwe kubwa, kuanzia chini ya mbavu hadi chini ya kitovu. Jaribio rahisi: hesabu pumzi kwa dakika nzima bila korse, kisha baada ya nusu saa akiwa ameivaa. Zikipanda waziwazi, au oksimeta (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu) ikishuka, rudi kwa fundi. Angalia pia ngozi juu ya mfupa wa nyonga. Wekundu usiofutika ndani ya dakika 20 maana yake inabana.

Radio kila miezi 6 hadi mifupa ikomae, akiwa amekaa, bila korse. Aina ya 2 mpindo unaweza kuongezeka nyuzi 5 hadi 15 kwa mwaka. Ukizidi 50, au ukipanda zaidi ya 10 kwa mwaka, ndipo upasuaji unajadiliwa. Kabla ya miaka 8 hadi 10 wanaweka fimbo zinazorefushwa. Kuunganisha mgongo moja kwa moja kunangoja kama miaka 10 hadi 12. Ni operesheni ya hospitali yenye wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia, kwa hiyo familia ianze kuulizia mipakani mapema, nyuzi zikiwa 35 au 40. Na mpasuaji aombwe aache nafasi katikati ya pingili za kiuno, kama kati ya ya tatu na ya nne (L3-L4), ili sindano ya uti wa mgongo iwezekane baadaye.

Dr_Kamalondo (Lubumbashi):

Nijibu la pumzi, maana ndilo linaloamua maisha. Takwimu zilezile za zamani zilionyesha kwamba kwa aina ya 2 karibu 7 kati ya 10 waliishi hadi miaka 25, na wengi wa waliofariki waliondoka kwa kifua. Leo msaada wa kupumua na kukohoa unabadilisha hesabu hiyo hata pasipo dawa ya jeni.

Mfuatano wenyewe huwa hivi. Kwanza kikohozi kinakuwa dhaifu. Kisha mafua ya kawaida yanageuka kuwa nimonia. Kisha usiku hewa inakuwa haitoshi, gesi kaboni inabaki damuni. Mchana unafuata mwishoni kabisa, na ukiona mchana umeathirika, usiku umekuwa mbaya muda mrefu. Waulize wazazi maswali haya kila ziara: anaamka na kichwa kinauma? Anatoka jasho usiku? Anaamka mara kwa mara akitaka kugeuzwa? Asubuhi hana hamu ya kula? Anasinzia darasani? Mawili kati ya hayo yananitosha kuomba kipimo cha usiku.

Kama hakuna maabara, oksimeta inayohifadhi kumbukumbu usiku mzima inasaidia sana. Ila kumbukeni urefu wa mahali: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mtoto mzima kabisa huko anaweza kusoma 95 au 96. Ile 95 ya vitabu ni ya watu wa usawa wa bahari. Mpime msichana akiwa mzima, amekaa, mara kadhaa, na uandike kiwango chake. Akishuka pointi 2 au 3 chini ya hapo wakati wa mafua, hiyo ni dharura ya makohozi.

Spirometri (kipimo cha hewa ya mapafu) ifanywe kila miezi 6 kwa anayekaa. Urefu usitumie wa mwili uliopinda. Pima urefu wa mikono iliyonyooshwa, au mfupa wa ulna kama viwiko havinyooki, la sivyo asilimia zitakudanganya. Kiwango cha hewa kikifika nusu ya kinachotarajiwa, usiku uangaliwe kwa karibu hata kama halalamiki. Kama huna spirometa, mwambie avute pumzi yote na ahesabu kwa sauti hadi iishe. Andika namba, linganisha na ya miezi 6 iliyopita. Kwa kijana, nguvu ya kikohozi ipimwe kwa pik-flo (kifaa cha kupima kasi ya hewa inayotoka) na barakoa: chini ya lita 270 kwa dakika yuko hatarini akipata mafua, chini ya 160 hawezi kujisafisha.

Pesa? Ambu, yaani mfuko wa kubonyeza kwa mkono unaoingiza hewa mapafuni. Ambu yenye barakoa inayomkaa vizuri, na wazazi wafundishwe. Avute pumzi, asiitoe, umwongezee mara 2 au 3 kwa ambu hadi kifua kijae, kisha akohoe huku mikono yako inasukuma tumbo kwa ndani na juu, chini ya mbavu. Mizunguko 3 hadi 5, mara 2 kwa siku akiwa mzima, kila saa 2 hadi 4 akiwa na mafua. Kamwe baada ya kula. Subiri saa moja na nusu. Mtoto wa miaka 8 anaelewa na anashirikiana. Asiyeweza kuzuia pumzi kwa sababu koo ni dhaifu hii haimfai, na mwenye historia ya hewa kuvuja kifuani asifanyiwe. Mashine ya kukohozesha (sm 30 hadi 40 za maji, kuingiza na kutoa) ni bora zaidi, ikipatikana.

Oksijeni peke yake ndiyo kosa ninaloliogopa kuliko yote. Mtoto analetwa na nimonia, anawekewa bomba puani, oksimeta inapanda hadi 98, kila mtu anatulia. Tatizo lake lilikuwa hewa isiyoingia na kutoka vya kutosha. Oksijeni imeficha namba tu, gesi kaboni inaendelea kupanda, anasinzia, na usingizi huo unachukuliwa kuwa anapumzika. Oksijeni iende pamoja na kupumulishwa, kwa mashine yenye barakoa au kwa ambu, na makohozi yatolewe kwanza. Lengo ni kiwango chake cha kawaida, usifukuze 100. Dawa za majimaji za kikohozi zenye kodeini au prometazini, zinazouzwa bila karatasi ya daktari, zisimguse: zinamzima kikohozi na zinampa usingizi.

KineKadutu (Bukavu):

Asante sana dokta, asante kine. Ya chakula je? Kwenye kituo cha afya wamempima mkono kwa ule utepe wakasema ana utapiamlo, wakampa Plumpy'Nut.

InfirmierIbanda (Bukavu):

Utepe unapima mkono, na mkono wake hauna misuli. Kwanza rangi za utepe ule wa kawaida ni za miezi 6 hadi 59. Mtoto wa SMA anaweza kuonekana mwembamba huku mwilini ana mafuta ya kutosha. Mfuate kwa uzito wake mwenyewe: mzazi apande mizani naye, kisha peke yake, utoe. Akipungua au akikaa miezi 6 bila kuongezeka, hapo chunguza. Pakiti moja ya Plumpy'Nut ni kalori 500. Kwa mtoto asiyetembea ukimpa mbili kila siku juu ya chakula, unampa uzito ambao mgongo na kiwambo havitaubeba. Kijana vilevile: kilo 5 za ziada zinaweza kumkalisha.

Akila zaidi ya nusu saa, akikohoa anapokunywa, au taya likiwa halifunguki kama zamani (pima kwa rula kati ya meno ya mbele), koo limeanza kudhoofika. Ugali mgumu na nyama ya kutafuna vinamchosha. Uji mzito wa masosoma (unga wa mahindi, soya na mtama), sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) zilizosagwa, maharagwe yaliyopondwa, parachichi vinapita. Maji matupu ndiyo hupalia zaidi.

Na asikae njaa. Misuli ni akiba ya mwili, yeye hana. Akiwa na malaria, anatapika, hali chochote, ndani ya saa 6 sukari inaweza kushuka. Pima sukari, weka dripu ya glukosi mapema. Kinini pia inashusha sukari; malaria kali itibiwe kwa artesunati.

MamaMajengo (Goma):

Kine, naongeza ya usiku tu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 3 au 4, mto katikati ya magoti, mwingine chini ya mkono wa juu. Jiko la makala lisilale ndani ya chumba chake. Kama kuna mashine ya barakoa, betri ya gari ya volti 12 na kibadilishio viwe tayari vimejaribiwa kabla umeme haujakatika, na ambu ining'inie kitandani, isifungiwe kabatini. Na mkumbushe baba wa mtoto kwamba jeni imetoka kwa wote wawili. Kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4, mama asibebeshwe peke yake.

Dr_Kamalondo (Lubumbashi):

Ahsante Mama. Na kwa sababu hiyo, mimba ikija, mtoto apimwe akizaliwa. Dawa zinafanya kazi kubwa zaidi kabla dalili hazijaanza.

Kuhusu dawa zenyewe: nusinersen (Marekani iliidhinisha Desemba 2016) ni mg 12 kwa sindano ya uti wa mgongo, siku ya 0, 14, 28 na 63, kisha kila miezi 4. Tiba ya jeni ya mshipa ya 2019 Marekani iliiruhusu kwa walio chini ya miaka 2, kwa hiyo si ya hawa wawili. Risdiplam (2020) ni ya kunywa kila siku: kuanzia miaka 2, chini ya kilo 20 ni mg 0.25 kwa kilo. Kilo 20 na zaidi ni mg 5. Msichana wa kilo 17 ni mg 4.25, yaani ml 5.7 ya dawa ya mg 0.75 kwa ml. Ikishachanganywa inakaa siku 64 kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na hapo ndipo umeme wetu unaingia kwenye hesabu. Kwa umri wao dawa hizi zinasimamisha kushuka, wakati mwingine zinaongeza alama chache. Hazinyooshi mgongo wala hazifungui goti lililokaza. Ndiyo maana ninasisitiza viungo na kifua vitunzwe sasa: siku dawa ikipatikana, mwenye viungo vilivyo wazi atafaidika nayo. Mtu akiwauzia sindano za vitamini B au kotizoni kwa ajili ya SMA, wahifadhi pesa hiyo kwa ambu.

Jambo la mwisho, kine: watengenezee kila mmoja kadi ya kulaminishwa, kwa Kifaransa, ikae na mzazi. Iandike jina la ugonjwa, uzito, oksijeni yake ya kawaida akiwa mzima. "Usitumie suksametonio (dawa ya kulegeza misuli) kwenye ganzi; taya na shingo huenda vikafanya bomba la kupumulia kuwa gumu kuingia." "Oksijeni iende pamoja na kupumulishwa." "Sukari ipimwe, asifunge zaidi ya saa 6." "Makohozi yatolewe kwanza." Nyuma yake namba ya simu yako na ya daktari anayemfuata.